Mkia wa Rangi Mbili

Inspekta alikuwa amekaa kitini, na jambo hilo peke yake lilimtia Sajini wasiwasi. Kituo kizima walimpachika jina la Hakai kwa sababu hakai: chai anakunywa akitembea, ripoti anaandika amesimama dirishani, hata mkuu wa kituo akimwita kikaoni mama huyu huegemea mlango mpaka kikao kiishe. Asubuhi hii amekaa. Ameinamia bakuli la mafuta ya taa, anasugua kitu kwa kipande cha kitambaa, na wala haongei.

Sajini alimkumbusha kwa adabu zote kwamba anachokisugua ni kielelezo cha kesi. Inspekta akamjibu kwamba kielelezo kimeshapigwa picha pande zote, maabara wameshachukua damu waliyoitaka, na kilichobaki ni grisi tu. Grisi, alisema, haijawahi kumfunga mtu wala kumfungua.

Chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kiwandani wanakiita mkia. Plastiki ikishayeyuka ndani ya mashine husukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo mpaka iujaze uwazi wa kalibu, chuma cha nusu mbili kinacholipa jagi umbo lake, na ile inayogandia tunduni hutoka ikining'inia chini ya jagi. Unauvunja mkia, unautupa, jagi linakwenda sokoni. Kila siku mikia elfu mbili tatu hutupwa na hakuna anayeiulizia, lakini huu mmoja ulikuwa umebeba roho ya mtu na uhuru wa mwingine.

Juzi, saa tano na robo mchana, mashine namba nne ilimbana kijana mmoja mwendesha mashine. Wenzake walimwita Mdogo, kwa kuwa kaka yake ni fundi wa kalibu katika kiwanda hicho hicho, naye walimwita Kaka Fundi. Jagi lilinata, Mdogo akafungua mlango wa kinga, akaingiza kichwa na mkono kulichokonoa. Mashine zile zina sheria moja: mlango ukiwa wazi, swichi iliyo ubavuni hukata, na kalibu haifungi hata uibembeleze. Siku hiyo ilifunga. Nusu mbili za chuma zilikutana na Mdogo katikati yake, na umeme ulipozimwa alikuwa ameshakufa.

Jioni ile ile Kaka Fundi alikuja kituoni kwa miguu yake. Akautoa mkia mfukoni, mweusi kwa grisi, akauweka mezani mbele ya Sajini. Akasema yeye ndiye aliyeuchomeka kwenye swichi ya mlango saa moja asubuhi alipokuwa anaipachika kalibu mashineni, ili mashine idhani mlango umefungwa, kisha akasahau kuutoa. Akasema andikeni. Akatia sahihi, na tangu hapo hakuongeza neno.

Kwa Mwendesha Mashtaka hiyo ilikuwa kesi ya kumeza bila kutafuna, na alikwisha kuipaka na chumvi. Wafanyakazi walimwambia kwamba wiki iliyopita ndugu hao waligombana mbele za watu mpaka mkubwa akamzaba mdogo kofi. Basi bwana huyo haridhiki tena na kusahau. Anataka kuua kwa kukusudia. Jalada liwe mahakamani saa nane kamili mchana wa leo.

Na mama wa ndugu hao alikuwa hapo nje, kwenye benchi la korido, tangu jana. Ameambiwa aende nyumbani, hakwenda. Inspekta alipopita asubuhi, mama huyo alimshika mkono wa shati na kumwambia, "Mwanangu, siombi mengi. Nipeni mmoja nimzike, na mmoja wa kunishika mkono nikizika." Inspekta alisema atajitahidi, na neno hilo likamkera mwenyewe tangu lilipomtoka. Ndipo alipokwenda kuomba mafuta ya taa.

Sasa grisi ilikuwa imeachia. Inspekta akauinua mkia kwenye mwanga wa dirisha, na hapo hapo akasimama. Sajini akashusha pumzi, maana mambo yamerudi kama yalivyozoeleka.

"Juzi saa moja asubuhi, namba nne ilikuwa inatoa majagi ya rangi gani?"

Sajini akapekua daftari. "Ya buluu."

"Na Mdogo alipokufa?"

"Mekundu."

Inspekta akampa mkia aushike. Haukuwa wa buluu na haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa buluu uliotiwa michirizi myekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, rangi mbili zikifukuzana.

"Mkia wa saa moja ungekuwa wa buluu mtupu," alisema. "Huyu bwana ametudanganya."

Sajini aliona labda fundi kakosea saa tu. Inspekta akasema saa uliyomuulia ndugu yako huikosei. Akamwonyesha na jambo la pili: upande mnene wa mkia ulikuwa na kishimo laini cha mviringo, kama mtu kabonyeza kidole kwenye unga uliokandwa. Yeye mwenyewe amejaribu kuubonyeza kwa ukucha, kwa ufunguo, kwa meno ya koleo, na plastiki hata haikukwaruzika vizuri. Sasa kishimo kimetoka wapi? Sajini hakujua. Inspekta naye hakujua, na alikwisha kufika mlangoni akiwa na funguo za gari mkononi.

Kiwanda kile unakisikia kabla hujakiona. Mashine kumi na mbili zimepangwa safu mbili, kila moja ikipumua kwa zamu yake: inafunga kwa kishindo, inasukuma, inatulia kidogo ikipoa kwa maji, inafungua, inatema. Hewa ni nzito kwa joto na harufu ya plastiki iliyoiva. Juu ya kila mashine kuna faneli kubwa ya chembechembe, na chini kuna mtu. Namba nne peke yake ilikuwa kimya, imezungushiwa utepe wa polisi, na wafanyakazi walipoipita waligeuza nyuso upande mwingine.

Msimamizi wa zamu aliwapokea mlangoni. Ni mtu mwembamba, mkavu, mwenye saa ya mkononi na nyingine ya kubonyeza inayoning'inia shingoni, na jina lake pale ni Sekunde. Ndiye aliyeleta mashine ya kadi, kila mtu apige kadi akienda chai na apige tena akirudi. Walimsema kwamba siku ya harusi yake aliuliza kwanza neno "ndiyo" litachukua sekunde ngapi. Alitoa pole kwa niaba ya uongozi, akasema Kaka Fundi ni mtu mzuri ila ndio hivyo, ameshakiri mwenyewe, kisha akawapa dakika kumi. Inspekta akamshukuru kwa ukarimu na kumpita.

Alimwendea mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye kiti kifupi karibu na namba tano, koleo mkononi, akikata mikia bila kuitazama. Kiwanda kizima wanamwita Shangazi. Ni miaka mingi anakata mikia, na mpaka juzi kiti chake kilikuwa pale namba nne, hatua mbili kutoka kwa Mdogo. Inspekta akachuchumaa mbele yake na kumwonyesha mkia ndani ya mfuko wa nailoni.

Shangazi aliutazama mara moja tu. Alisema huo ni wa kubadilisha rangi. Mashine ikitoka rangi hii kwenda ile, ya zamani haitoki siku moja. Inasukumwa na mpya kidogo kidogo, na majagi ya katikati hutoka na mabaka. Ndiyo ya kutupa. Hayasagwi na ya buluu wala na mekundu, yangeharibu yote. Yanatiwa kwenye gunia lake kule nyuma mpaka gunia lijae, ndipo yasagwe na kutengenezewa vyungu vyeusi vya maua.

"Na gunia la juzi liko wapi, Shangazi?"

Mwanamke akaangalia koleo lake. Alisema gunia lilianzwa juzi na halijajaa hata nusu, lakini asubuhi ya leo imekuja amri lisagwe. Hakusema imetoka kwa nani. Alimtupia jicho Sekunde aliyesimama kule mlangoni, kisha akarudi kwenye mikia yake.

Hapo ndipo kule nyuma kulipoanza mngurumo mwingine, mkavu, wa meno ya chuma yanayotafuna. Inspekta hakuuliza tena. Alikimbia katikati ya safu mbili za mashine, akapiga kikumbo toroli la majagi, akafika chumba cha kusagia na kukibamiza kitufe chekundu kwa kiganja. Mashine ikakohoa na kusimama. Msagaji alibaki ameshika jagi hewani, anamtazama kama mtu aliyenyang'anywa tonge.

"Umesaga mangapi?"

Msagaji alihesabu kwa kichwa. Matano, alisema, ya juu juu ya gunia. Yaani ya mwisho kuingia, akawaza Inspekta, yaliyokaribia kuwa mekundu kabisa. Mwanzo wa gunia ulikuwa salama.

Mtaka cha mvunguni huinama. Inspekta alilimwaga gunia sakafuni, akapiga magoti kwenye vumbi la plastiki, na kuanza kuyapanga majagi kwa mstari kando ya ukuta, kutoka la buluu kabisa lenye unyuzi mmoja mwekundu hadi lile lililobakiza wingu dogo la buluu mpinini. Sajini alimsaidia na kumpangia ovyo, maana macho yake kwa rangi si ya kutegemewa. Mkewe hamtumi kununua vitambaa. Mwishowe Shangazi alikuja bila kuitwa, akamsogeza Sajini kwa nyonga, akabadilisha matatu hapa na mawili pale. Yalikuwa ishirini na sita, na ukiyatazama kutoka mwisho wa chumba uliona buluu inakufa hatua kwa hatua na nyekundu inazaliwa.

Shangazi aligeuza moja chini juu na kukunja uso. Akageuza la pili, la tatu. Alisema haya hakuyakata yeye. Yeye anakata kwa koleo, kovu linabaki bapa. Haya yamenyongwa kwa mkono yakiwa ya moto. Plastiki imevutika ikaacha nyuzi. Tena midomo ya majagi yote ina mikwaruzo ya kuchokonolewa. Inspekta akauliza kwa nini. Shangazi akaeleza kwamba anayebadilisha rangi kwa pupa huongeza moto ili ya zamani itoke haraka, na moto ukizidi jagi hutoka laini na kung'ang'ania kalibu. Halianguki lenyewe, lazima ulitoe kwa mkono, na ni hivyo kwa kila jagi mpaka moto urudishwe.

Inspekta akavaa glavu, akautoa mkia mfukoni, akaanza na jagi la kwanza. Haukukaa. La pili haukukaa. Alikwenda kwa magoti kutoka jagi hadi jagi, akiujaribu mkia kwenye kila kovu, na wafanyakazi wawili watatu walikuja kuchungulia mlangoni. Kwenye jagi la kumi na nne nyuzi za mkia ziliingia katikati ya nyuzi za kovu. Akauzungusha kidogo. Ukakaa barabara, na ule mchirizi mwekundu uliokatikia kwenye mkia ukaendelea ndani ya jagi bila kupinda.

"Kumi na nne," Sajini akaandika.

Kilichobaki kilikuwa kishimo. Shangazi alikipapasa juu ya nailoni na kucheka kidogo, cheko la mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. Mkia ndio mnene kuliko jagi zima, alisema, kwa hiyo ndio unaopoa mwisho. Dakika ya kwanza ukiubonyeza unakubali. Zikipita dakika mbili tatu, hata ukiugonga kwa nyundo haukujui. Hicho kishimo ni alama ya lile gurudumu dogo la swichi ya mlango. Mtu kauchomeka ukiwa bado wa moto.

Kwa hiyo mkia haukuokotwa baadaye guniani au sakafuni. Umenyongwa kutoka jagi la kumi na nne na kuchomekwa papo hapo. Inspekta alitaka kutembea, ila kulikuwa na swali moja ambalo hakulitaka, na ilibidi aliulize.

"Lile kofi la wiki iliyopita, Shangazi. Lilikuwa la nini?"

Shangazi alisema Kaka Fundi alimkuta mdogo wake kachomeka mkia kwenye mlango, basi akamchapa mbele ya zamu nzima na kumwambia siku moja utamrudishia mama kiwiliwili. Alisema pia kwamba hakuna mwendesha mashine hapa ambaye hajawahi kufanya hivyo. Wanalipenda jambo hilo kama ugoro: wanajua linaua, na bado.

Sajini akafunga daftari polepole. Alimvuta bosi wake pembeni na kumwambia mambo yameshajieleza: marehemu kajiwekea mwenyewe, kaka anamfichia aibu. Ikiwa ndivyo, yule mkubwa anaachiwa leo leo. Inspekta alijua hilo, na hakulifurahia. Alimwona yule mama wa benchini akirudishiwa mtoto mmoja kwa kuambiwa kwamba wa pili kafa kwa uzembe wake. Lakini kudhani si kujua. Alitaka kujua Mdogo alikuwa wapi jagi la kumi na nne lilipotoka.

Karatasi ya mashine namba nne ilikuwa bado inaning'inia kwenye kibao chake. Inspekta akaisoma amesimama. Kisha akaenda kwenye kisanduku cha kadi kilichoko ukutani karibu na lango la uani, akachomoa ya Mdogo, akachomoa ya Kaka Fundi, akazisoma mara mbili. Akamuuliza Shangazi nani alikunywa chai na nani siku ile. Shangazi alisema zamu yote ilikuwa uani, yeye alikaa na Mdogo kwenye ngazi na Kaka Fundi ng'ambo peke yake, maana tangu lile kofi walikuwa hawaongei.

Inspekta hakumfuata Sekunde ofisini. Alituma aitwe aje pale pale, kwenye mstari wa majagi. Akaja anatazama saa.

"Juzi nani alibadilisha rangi namba nne?"

"Mimi. Nabadilisha wakati wa chai ili watu wakirudi wakute rangi safi. Si kosa."

"Si kosa. Majagi yalinata?"

"Rangi ikibadilishwa yananata yote. Naongeza moto."

"Jagi lililonata unalitoaje?"

"Unafungua mlango, mashine inasimama. Unalitoa, unafunga, unabonyeza tena."

"Inakula muda gani, kila jagi?"

Hapo maradhi yake yakamponza. "Arobaini na moja, afande. Thelathini na sita za mashine, tano za mlango."

Inspekta akampa ile karatasi. "Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Soma."

"Kubadilisha rangi. Kuanza saa tatu na dakika kumi, kumaliza saa tatu na nusu. Ya kutupa, thelathini na moja."

"Dakika ishirini. Kwa sekunde arobaini na moja, yanatoka mangapi?"

Mtu mwingine angeomba kalamu. Sekunde hesabu hizo huzifanya usingizini. Midomo ilimcheza kidogo, ikasimama, na kila aliyekuwa pale aliona kwamba jibu ameshalipata na halitaki.

"Ishirini na tisa," alisema. "Na kidogo."

"Wewe umetoa thelathini na moja. Zile tano za mlango hukuzitumia mpaka mwisho, kwa sababu kuanzia jagi la kumi na nne mlango ulikuwa wazi na mashine inafunga. Jagi la kumi na nne hilo hapo, na mkia wake huu hapa."

Sekunde akasema mikia huchomekwa na kila mtu, wamuulize Mdogo. Inspekta akamnyooshea kadi ya Mdogo. Kutoka, saa tatu na dakika kumi. Kurudi, saa tatu na dakika thelathini na moja. Ni mashine yake mwenyewe Sekunde iliyopiga namba hizo, na aliziagiza zipigwe zisomeke vizuri.

Njia ya mwongo fupi. Sekunde alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti. Alisema alitaka kuutoa. Alikuwa ameshafunga mlango na kunyoosha mkono, ndipo kengele ya kumaliza chai ikalia, naye akakimbilia kwenye kadi aone nani kachelewa.

"Ukakumbuka lini?"

"Niliposikia anapiga kelele."

"Na ulipoambiwa kaka yake amejitwika lawama?"

"Nilidhani labda na yeye aliweka wake."

"Mlango una swichi moja," alisema Inspekta. "Na gunia je? Nalo ulidhani?"

Inspekta alitamani kumtukana Sekunde, na alikuwa na matusi ya kutosha, lakini Sajini alikuwa anamsomea haki zake na haikufaa kumkatiza. Shangazi ndiye aliyelia. Alilia amesimama, koleo mkononi, akisema mtoto yule alikuwa anasalimia kila asubuhi.

Saa saba na nusu Inspekta aliingia chumba cha mahojiano, jalada kwapani. Kaka Fundi alikuwa ameketi vile vile alivyoachwa, mikono mezani, mikono mipana yenye makovu ya moto. Alisema yake ameshayasema.

Inspekta alimweleza, bila kuzunguka, kuanzia rangi hadi kishimo. Alimwambia kwamba Sekunde yuko chumba cha pili na ameshaandika maelezo. Kaka Fundi alimsikiliza akitikisa kichwa tangu mwanzo.

"Hapana, afande. Ni yeye mwenyewe, namjua. Niliukuta mkia kwenye swichi watu wakihangaika na umeme, nikauchomoa nikautia mfukoni, wasije wakasema amejiua kwa ujinga. Mimi ndiye niliyemfundisha, mwezi wake wa kwanza. Nilimpa mkia mkononi nikamwonyesha pa kuuweka. Kwa hiyo akiuweka yeye, nimeuweka mimi. Niacheni na kesi yangu."

Inspekta akaiweka kadi mezani. Fundi akaisoma. Akaisoma tena, akiufuata mstari wa namba kwa kidole.

"Uchomekaji ulifanyika saa tatu na ishirini hivi," Inspekta alisema. "Yeye alikuwa uani, ngazini. Aliporudi majagi yalikuwa yanaanguka yenyewe, hakuwa na sababu ya kugusa mlango mpaka lilipokuja hilo moja. Akaufungua akijua mashine itasimama."

"Kumbe mlango alikuwa anaufunga," alisema Kaka Fundi.

Alirudia maneno hayo mara mbili, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akainamisha paji la uso juu ya meza na kulia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka askari wa zamu akafungua mlango kutazama kulikoni. Inspekta alimwashiria aondoke. Aliandika hati ya kumwachia amesimama, akipigia simu ofisi ya Mwendesha Mashtaka kwa mkono wa pili, na ilikuwa saa nane kasoro kumi alipopiga muhuri.

Mama alikuwa pale pale benchini. Alipomwona mwanawe anatoka bila pingu hakuinuka. Kaka Fundi alikwenda akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya korido, watu wakiwapita.

"Mama, yale niliyokunong'oneza juzi kabla sijaja hapa juu ya mdogo wangu si kweli. Hakuuweka yeye. Nimemsingizia."

"Najua," mama alisema.

"Umejuaje?"

"Alikuja kunilalamikia lile kofi lako. Akaniambia, mama, nimeacha. Nikamwamini."

Inspekta alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Alisogea hatua moja. Aliuliza, kwa upole kuliko alivyozoea, kwa nini mama hakuwaambia hilo tangu jana, lingewaokolea siku nzima. Mama alimtazama yeye kwanza, kisha akamtazama mwanawe aliyepiga magoti.

"Ningesema si yule mdogo, mngeniuliza ni nani basi. Na aliyekuwa amekiri ni huyu."

Akajishikilia kwenye bega la mwanawe, akainuka. Alimpangusa mwanawe vumbi la begani kama anavyopanguswa mtoto wa shule.

"Simama," alimwambia. "Twende tukamchukue mwenzio."